Kamera ya Video kwa Anayeanza: Kuanzia Betri Hadi Kupanga Shoti

Video nyingi za watu wanaoanza huharibika kwa namna moja. Mtu anaona jambo la kuvutia, anabonyeza kitufe cha kurekodi, halafu ndipo anaanza kulitafuta jambo lenyewe. Kamera inakwenda kulia, inarudi kushoto, zumu inaingia, inatoka, inaingia tena. Anapokuja kuangalia alichopata, ana dakika nyingi za picha lakini hapati hata sekunde tano zilizotulia. Hapo kamera haina kosa. Hata ya simu hutoa picha nzuri ikishikwa na mtu anayeamua kwanza anataka kuonyesha nini, kisha ndipo akarekodi.

Naamini hilo kuliko ushauri wowote wa kununua vifaa. Kila unapobonyeza kitufe chekundu unatengeneza kipande kimoja, yaani shoti, ambacho baadaye kitaunganishwa na vingine. Kipande hicho lazima kianze, kionyeshe kitu, kiishe. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kwa kulenga hilo.

Hatua ya 1: Kabla hujatoka

Chaji betri zote usiku wa kuamkia siku ya kazi, na uwe na moja ya akiba. Kamera inakula chaji hata isiporekodi, kwa sababu skrini inawaka na lenzi inajirekebisha muda wote. Ukiwa unasubiri, izime.

Kadi ya kumbukumbu nayo ina utaratibu wake. Hamisha kila kilichomo, fungua mafaili kwenye kompyuta uone kwamba yanacheza, kisha ifomati kadi, yaani ifute na kuipanga upya, ukiwa ndani ya menyu ya kamera yenyewe, si kwenye kompyuta. Kamera hupanga mafolda kwa mtindo wake, na kadi iliyofomatiwa kwingine inaweza kuleta matatizo katikati ya kazi. Ukirekodi kwa ubora wa 4K, tafuta kadi yenye alama ya V30. Alama hiyo ina maana kwamba kadi inaandika megabaiti 30 kwa sekunde bila kushuka. Kadi ya polepole huifanya kamera iache kurekodi ghafla, na mara nyingi hutagundua hadi umefika mbali.

Piga hesabu ya nafasi mapema. Kamera inayorekodi kwa megabiti 50 kwa sekunde inatumia megabaiti 375 kila dakika (biti nane ni baiti moja), yaani gigabaiti 22.5 kwa saa. Kadi ya gigabaiti 64 itakupa saa mbili na dakika 50 hivi. Kwa megabiti 100, muda huo unakuwa nusu. Kiwango chako kimeandikwa kwenye menyu ya ubora wa video.

Mwisho, safisha lenzi. Puliza vumbi kwanza kwa kipulizio cha mkono, kisha futa taratibu kwa kitambaa laini cha lenzi. Ukianza kwa kufuta, chembe za mchanga zitakwaruza kioo. Kwenye simu, alama ya kidole ikipigwa na mwanga hutandaza ukungu juu ya picha nzima, na hakuna programu ya kuhariri inayouondoa vizuri.

Hatua ya 2: Mipangilio miwili, kisha uachane na menyu

Menyu ya kamera ina mambo mengi, lakini mawili tu yanakuhusu siku ya kwanza.

La kwanza ni ukubwa wa picha. Pikseli 1920 kwa 1080 zinatosha kabisa kwa kujifunzia. Ile ya 3840 kwa 2160, yaani 4K, ina pikseli mara nne zaidi, inajaza kadi haraka na inahitaji kompyuta yenye nguvu. Faida yake ni kwamba unaweza kupunguza kingo za picha wakati wa kuhariri bila ubora kushuka sana. Kwa anayejifunza naona ni heri aanze na ile ndogo, maana inamlazimu apange fremu, yaani kile kinachoingia ndani ya picha, vizuri palepale badala ya kusema atarekebisha baadaye.

La pili ni idadi ya fremu kwa sekunde, yaani picha tuli zinazounda video. Penye umeme wa hezi 50 tumia fremu 25. Penye hezi 60 tumia 30. Sababu ni taa: nyingi hupepesa kwa kufuata mzunguko wa umeme, na macho hayaoni lakini kamera inaona. Kisha weka kasi ya shata, yaani muda ambao kila fremu inapokea mwanga, iwe mara mbili ya fremu hizo: sekunde 1/50 au 1/60. Kwa kasi hiyo mtu anayetembea huonekana anatembea kawaida. Ukipandisha hadi 1/1000, mwendo wake unakatikakatika. Ukiwa ndani ukaona mistari ya giza inapanda au kushuka kwenye skrini, kagua shata kabla ya kitu kingine chochote.

Ukishachagua fremu zako, usizibadilishe ndani ya kazi hiyohiyo.

Hatua ya 3: Isimamishe kamera

Tripodi ya kawaida itakusaidia kuliko lenzi ya ghali. Unapoifungua, anza na vipande vinene vya juu vya miguu, kwa kuwa ndivyo imara zaidi; vile vyembamba vya chini vifuate ikibidi. Nguzo ya katikati ipandishwe mwisho kabisa, maana ikiwa juu kamera hutikisika hata kwa upepo mdogo. Elekeza mguu mmoja mbele, chini ya lenzi, ili wewe usimame katikati ya miwili ya nyuma bila kuikwaa. Kwenye mteremko, miguu miwili ikae upande wa chini na mmoja upande wa juu. Halafu angalia kiputo cha kipima usawa. Kikiwa pembeni, bahari itamwagika na majengo yataanguka kwenye video yako.

Kamera ikishakaa kwenye tripodi, zima kile kifaa cha kutuliza mtikisiko. Katika baadhi ya kamera hicho huendelea kutafuta mtikisiko ambao haupo, na picha ikaanza kuelea yenyewe.

Huna tripodi? Egemea ukuta, au bana viwiko vyote viwili kwenye mbavu, panua miguu kidogo, pumua nje taratibu unapoanza kurekodi. La muhimu zaidi, sogea karibu na kitu badala ya kukivuta kwa zumu. Zumu hukuza picha na hukuza mtikisiko kwa kiasi hichohicho. Simu ishikwe kwa mikono miwili, ikiwa imelala, isipokuwa unajua kwamba video itatazamwa ikiwa imesimama. Uamuzi huo ufanywe kabla ya shoti ya kwanza, na usigeuzegeuze.

Tarehe 28 Desemba 1895, ndugu wawili Wafaransa, Auguste na Louis Lumière, walionyesha filamu zao mjini Paris mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Kila filamu ilikuwa na urefu wa chini ya dakika moja, na kamera ilikuwa imesimama mahali pamoja. Waliotembea ni watu ndani ya fremu. Nakushauri uanze hivyohivyo. Kwa wiki zako za mwanzo usiisogeze kamera kabisa wakati inarekodi. Utalazimika kufikiri pa kuiweka, na ndiyo kazi yenyewe.

Hatua ya 4: Rangi, mwanga, fokasi

Karatasi nyeupe huonekana nyeupe machoni petu tukiwa nje au chini ya taa, kwa sababu ubongo unarekebisha. Kamera inahitaji kuambiwa. Mwanga wa mchana una joto la rangi la kelvini 5600 hivi na hubadilika na saa. Balbu za studio za mtindo wa zamani zina 3200 na huelekea manjano. Ukiiachia kamera ijichagulie, inaweza kubadilisha rangi katikati ya shoti mtu mwenye shati jekundu anapopita, na uso wa mhusika wako ukawa wa rangi mbili katika sentensi moja.

Fanya hivi: mwombe mhusika ashike karatasi nyeupe mbele ya uso wake, mahali palepale atakapokaa. Ijaze fremu kwa karatasi hiyo, kisha bonyeza kitufe chenye herufi WB hadi kamera ithibitishe. Ukihama chumba, rudia. Ikiwa mwanga wa dirisha na wa taa umechanganyika, chagua mmoja: zima taa au funga pazia.

Kuhusu kiasi cha mwanga, kuna vitu vitatu vinavyokiamua, na kimoja, yaani shata, tayari umekifunga. Vinabaki viwili. Tundu la lenzi huandikwa kwa herufi f, na namba ndogo ina maana ya tundu kubwa. Kutoka f/2.8 kwenda f/4 unapunguza mwanga kwa nusu, na wakati huohuo eneo lenye fokasi, yaani linaloonekana wazi, linaongezeka kwa kina. ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ndiyo ya mwisho kuguswa: ukiizidisha mara mbili picha inang'aa mara mbili, lakini inaleta chenga, hasa sehemu za giza. Nje, jua likiwa kali, weka kichujio cha ND mbele ya lenzi. Hicho hupunguza mwanga bila kuharibu rangi, na kamera nyingi za video zinacho ndani, kwa swichi ya pembeni.

Kamera nyingi zina pia milia ya pundamilia. Iwashe, iweke kwenye 100. Popote milia hiyo inapotokea kwenye skrini, picha imeungua kwa mwanga uliozidi na hakuna kilichobaki cha kuokoa. Kwenye anga au kwenye balbu unaweza kuivumilia. Kwenye paji la uso wa mtu, funga tundu kidogo hadi milia itoweke. Picha yenye giza kidogo unaweza kuipandisha baadaye. Iliyoungua huna la kuifanya.

Usimweke mtu mbele ya dirisha. Atakuwa kivuli cheusi, au yeye ataonekana na dirisha litakuwa jeupe tupu. Mgeuze hadi mwanga wa dirisha umpige upande mmoja wa uso. Mara nyingi badiliko hilo pekee hukupa mwanga mzuri kuliko taa yoyote utakayokodi. Saa sita mchana, jua likiwa utosini, macho ya mtu yanakuwa mashimo mawili meusi. Mpeleke kivulini.

Kwa fokasi, shabaha ni jicho. Kwenye kamera ya video yenye zumu yake, ivute hadi mwisho kwenye jicho la mhusika, zungusha pete ya fokasi hadi kope zionekane wazi, kisha rudisha zumu hadi ukubwa unaoutaka. Fokasi itabaki palepale. Lenzi nyingi za kamera za picha hazifanyi hivyo, fokasi huhama zumu inapohama, kwa hiyo kuza picha kwa kitufe cha kikuzi cha skrini badala ya zumu. Fokasi ya kujiendesha inayofuata uso ni nzuri mtu akiwa peke yake. Watu wakianza kupita mbele yake itahangaika kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine, na hapo uifunge kwa mkono.

Hatua ya 5: Sauti

Mtazamaji atavumilia picha ya wastani. Sauti mbaya haivumilii. Maiki iliyo juu ya kamera iko mbali mno na mdomo wa msemaji, na mahali pa wazi kila umbali unapoongezeka mara mbili, sauti hushuka kwa desibeli 6 hivi huku kelele za mazingira zikibaki vilevile. Kwa hiyo peleka maiki kwa mtu. Ile ya kubana nguoni ikae kifuani, kama upana wa kiganja chini ya kidevu, mbali na mkufu na ukosi unaochakarisha. Kama una simu ya pili, iwekee programu ya kurekodi sauti na uifiche karibu na msemaji. Utaunganisha sauti na picha wakati wa kuhariri. Ili vilingane kwa urahisi, piga kofi moja mbele ya kamera mwanzoni.

Mwombe azungumze kidogo kwa sauti atakayoitumia. Vipimo vya sauti vichezee karibu na desibeli −12, vikipanda hadi −6 anaposisitiza, visiguse 0 kamwe. Vaa hedifoni. Bila hedifoni hujui unarekodi nini. Sikiliza kwanza chumba kitupu: feni, jokofu, jenereta ya jirani. Zima unachoweza, kisha rekodi nusu dakika ya ukimya wa chumba hicho, watu wote wakiwa wametulia. Wakati wa kuhariri ukimya huo ndio utakaoziba nyufa.

Hatua ya 6: Kubonyeza kitufe

Panga fremu, funga fokasi, ndipo ubonyeze. Tazama alama ya REC iwake na sekunde zianze kusonga. Kuna watu wengi waliorekodi wakidhani wamesimamisha na wakasimamisha wakidhani wanarekodi. Hesabu kimoyomoyo hadi tano kabla ya kumwambia mtu aanze. Akimaliza, hesabu tena hadi tano kabla ya kuzima. Sekunde hizo za mwanzo na mwisho ndizo zitakazokupa nafasi ya kukata.

Shoti isiyo na mazungumzo, kama ya mlango, mti au mikono inayofanya kazi, iache kwa sekunde kumi kamili. Utaiona ndefu ajabu ukiwa umesimama nyuma ya kamera. Ukiwa mbele ya kompyuta utatamani ingekuwa kumi na tano.

Hatua ya 7: Chagua ukubwa wa shoti

Shoti pana inajibu swali la wapi: inaonyesha mahali na watu wote waliopo. Shoti ya kati humkata mtu kuanzia juu kidogo ya kiuno, na inajibu nani anafanya nini. Shoti ya karibu huchukua uso au mikono, na inajibu anajisikiaje, au anafanyaje hasa. Anayeanza hupenda kubaki kwenye shoti ya kati kwa sababu inaonekana salama. Matokeo yake video nzima inakuwa na ukubwa mmoja, na vipande viwili vikikutana vinaonekana kama mtu ameruka ghafla mahali palepale.

Kwa hiyo unapobadilisha shoti, badilisha kweli. Toka pana uende karibu, na uhamishe kamera kwa pembe ya nyuzi 30 au zaidi. Nusu hatua haitoshi. Na unapomkata mtu kwa ukingo wa chini wa fremu, usimkate kwenye kiungo: magotini, kwenye vifundo, viwikoni. Mkate katikati ya paja au katikati ya kifua, na jicho litakubali kwamba mwili unaendelea nje ya picha.

Hatua ya 8: Panga vitu ndani ya fremu

Washa gridi kwenye skrini. Utaona mistari miwili ya wima na miwili ya mlalo, ikigawa picha katika theluthi. Mwingereza John Thomas Smith aliiandikia kanuni hiyo mwaka 1797 alipokuwa akizungumzia picha za mandhari, zamani kabla ya kamera, na bado inafanya kazi. Macho ya mhusika yakae kwenye mstari wa juu. Upeo wa bahari au ardhi ukae kwenye mstari wa juu au wa chini, kutegemea kama kinachovutia ni ardhi au anga. Mtu anayezungumza asikae katikati kabisa, isipokuwa anaongea moja kwa moja na kamera.

Kama anatazama kulia, mweke theluthi ya kushoto, ili nafasi ibaki upande anaoutazama. Bila nafasi hiyo ataonekana amegandamizwa ukutani. Anayetembea aachiwe nafasi kubwa zaidi mbele yake. Juu ya kichwa acha nafasi ndogo tu. Wengi huweka uso katikati ya skrini kwa sababu ndiko wanakolenga, na nusu ya juu ya picha inakuwa dari tupu. Ukiyaweka macho kwenye mstari wa juu, tatizo hilo linaondoka lenyewe. Katika shoti ya karibu sana, kukata sehemu ya juu ya nywele si kosa. Kukata kidevu ni kosa.

Halafu pitisha macho kwenye kingo zote nne za fremu, moja baada ya nyingine, kabla ya kubonyeza. Mimi huwasisitizia wanaojifunza hatua hii kuliko nyingine zote, kwa kuwa macho yetu yana tabia ya kuangalia uso tu. Kwenye kingo ndiko kunakojificha nusu ya kiti, mfuko wa plastiki, mkono wa mpita njia. Nyuma ya mtu tafuta nguzo au tawi linaloonekana kuota kichwani mwake. Dawa ni hatua moja ya kamera kushoto au kulia. Msogeze mhusika mita mbili au zaidi kutoka ukutani. Kivuli chake kitaanguka mbali na mandharinyuma yatalainika.

Urefu wa kamera nao unasema jambo. Ikiwa juu ya macho ya mtu, inamfanya mdogo. Ikiwa chini, inampa ukubwa. Kwa mazungumzo ya kawaida iweke sawa na macho yake. Kwa mtoto, piga magoti au shusha tripodi hadi kwake, hata kama ni kazi. Video za watoto zilizopigwa kutoka kimo cha mtu mzima zinaonyesha nywele zaidi kuliko nyuso.

Hatua ya 9: Jenga tukio kwa shoti tano

Chukua kazi ndogo yenye mwanzo na mwisho. Nitatumia fundi wa baiskeli anayeziba pancha, kwa sababu mikono yake ina mengi ya kuonyesha na kazi yenyewe hurudiwa.

Usirekodi kwanza. Mtazame akimaliza pancha moja. Utajifunza anakaa upande gani, mkono upi unashika nini, mwanga unamwangukia wapi.

Pancha inayofuata, anza na mikono, karibu kabisa: tyubu ikizamishwa kwenye karai la maji, vidole vikiibana na kuisogeza inchi kwa inchi, hadi mnyororo wa viputo unapochomoza mahali pamoja. Kamera iko chini, karibu na ukingo wa karai, imetulia, fokasi imefungwa juu ya maji. Usimfuate fundi anapoitoa tyubu majini. Acha mikono itoke kwenye fremu yenyewe, ubaki na maji yanayotulia. Hapo umepata mwisho wa shoti, na mahali pazuri pa kukata.

Ya pili ni uso wake, karibu, akiyatazama maji. Mtazamaji aliyeona mikono anataka kujua ni ya nani, na sasa unamjibu. Ya tatu ni ya kati, unamwona yeye na tyubu pamoja, anakwaruza kwa msasa na kupaka gundi. Ya nne ni ya nyuma ya bega lake, kamera ikitazama kule anakotazama, kiraka kikikandamizwa kwa dole gumba. Ya tano ni pana: kibanda, baiskeli iliyopinduliwa magurudumu juu, mteja anayesubiri.

Ikiwa anarudia kitendo, rekodi kitendo hichohicho kwa ukubwa mbili tofauti. Shoti pana ya anapoinua pampu na shoti ya karibu ya anapoibonyeza zitaunganika kana kwamba kamera zilikuwa mbili. Usimwombe aigize, msubiri tu. Na umwombe ruhusa mapema, umweleze video itakwenda wapi. Mtu anayejua kinachoendelea anasahau kamera upesi zaidi.

Ongeza vipande vidogo viwili au vitatu visivyokuwa na fundi: kopo la gundi, gurudumu linalozunguka, macho ya mteja. Shoti mbili zikikataa kuungana, utaingiza kimoja cha hivyo katikati na hakuna atakayejua.

Hatua ya 10: Usivuke mstari

Watu wawili wakizungumza, fikiria mstari unaopita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Chagua upande mmoja wa mstari huo na ubaki huko kwa shoti zote. Una nusu duara nzima ya kuzungukia, nyuzi 180. Ukiruka upande wa pili, aliyekuwa akitazama kulia ataanza kutazama kushoto, na wote wawili wataonekana wanaangalia upande mmoja badala ya kutazamana. Mstari huo upo pia kwa vitu vinavyokwenda: gari lililopita kutoka kushoto kwenda kulia, likipigwa kutoka ng'ambo ya barabara, litaonekana linarudi lilikotoka. Ukilazimika kuvuka, weka katikati shoti iliyopigwa juu ya mstari wenyewe, gari likija usoni mwa kamera.

Hatua ya 11: Ndipo usogeze kamera

Ukishamudu shoti zilizotulia, anza kugeuza kamera taratibu kushoto na kulia, au juu na chini. Kanuni ni moja: kuwe na sababu. Unamfuata mtu, au unafichua kitu ambacho hakikuonekana mwanzoni. Panga kwanza fremu ya mwisho, irudie kwa mkono mara kadhaa bila kurekodi, kisha anza ukiwa umetulia sekunde tano, geuka, na utulie tena sekunde tano. Simama miguu ikielekea mwisho wa mwendo na ujikunje kiuno kurudi mwanzo. Ukigeuka mwili unajikunjua na mwendo unakuwa laini. Zumu wakati wa kurekodi iache kwa sasa. Ile ya kidijitali izime moja kwa moja kwenye menyu, kwa kuwa haifanyi lolote zaidi ya kukata picha na kuikuza.

Hatua ya 12: Baada ya kurekodi

Kabla ya kuondoka eneo la kazi, cheza kipande kimoja cha mwanzo na kimoja cha mwisho, ukiwa na hedifoni. Kama kuna kasoro, bado mhusika yupo. Ukifika nyumbani, nakili kila kitu mahali pawili tofauti, na uipe folda jina lenye tarehe na tukio. Nakala zote mbili zifunguliwe zionekane kwamba ni nzima. Kadi isifomatiwe kabla ya hapo.

Kisha kaa uangalie shoti zako zote mara mbili. Mara ya kwanza zima sauti kabisa, na andika zile ambazo unaelewa kinachofanyika bila neno hata moja. Mara ya pili geuza skrini upande mwingine na usikilize tu. Zile zilizofaulu mara zote mbili ndizo za kuanza kuhariri nazo. Kwa zilizoshindwa, andika pembeni ilikuwa ni fremu, mwanga, fokasi au sauti, na kazi inayofuata uanze kwa kukagua hicho.